SOMO LA REDIO: KWA NINI MJI UKO HAPA?

Leo tunasoma habari za Mitundu, mji mdogo ulio kusini mwa Itigi, Mkoa wa Singida. Swali letu ni hili: watu hukusanyika mahali kwa sababu gani? Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: maji, mbung'o, njia.

Kwanza, maji. Nchi hii ni uwanda wa juu, zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari. Mvua ina msimu mmoja tu, tangu Novemba au Desemba hata Aprili. Kisha huja kiangazi, na vijito hukauka. Mwenye kutaka kujenga hana budi kujua atachota wapi mwezi wa Oktoba.

Pili, mbung'o. Sehemu hizi zina kichaka kinachojulikana kwa jina la Itigi. Miti yake ni mifupi, mita 3 hadi 5, nayo imesongamana mno. Kichaka cha namna hii ni adimu duniani. Kingine kiko kaskazini mwa Zambia. Wakimbu, wenyeji wa kale, walikaa katika vijiji vidogo vilivyotawanyika. Walilima, waliwinda, walirina asali, na udongo ulipochoka walihama. Sehemu kubwa ya Ukimbu ilitawaliwa na mtemi Nyungu-ya-Mawe, aliyefariki mwaka 1884.

Lakini porini kuna mbung'o, naye huleta malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Tangu miaka ya 1920, Serikali ya Waingereza ilihamisha watu wengi wa magharibi ya Tanganyika wakakae pamoja. Watu wengi wakifyeka pamoja, mbung'o hukosa kivuli.

Tatu, njia. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, na Tabora mwaka 1912. Itigi iko kati ya miji hiyo. Hivyo watu wa kusini wakapata stesheni ya kupelekea mazao na kupokea bidhaa. Baadaye, kati ya 1973 na 1976, Operesheni Vijiji ilikusanya tena watu wa Tanzania.

Basi, kama kufyeka hufukuza mbung'o, je, tufyeke pori lote? Hapana. Tukumbuke Kongwa, mashariki ya Dodoma. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta kufyeka nyika ili walime karanga. Hawakuijua nchi. Mvua ilikuwa haba, na udongo ulipokauka ukawa mgumu hata majembe ya matrekta yakavunjika. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na mamilioni ya paundi yakapotea.

Udongo wa kichaka cha Itigi nao hukauka ukawa mgumu kama saruji. Ukifyeka ovyo, kichaka hakirudi upesi, na nyuki hukosa maua. Fyeka panapokutosha kulima na kukaa salama. Palipobaki patakupa asali, kuni na dawa.

MASWALI YA KUJADILI
1. Kijijini kwenu, maji ya Oktoba hutoka wapi?
2. Nani aliyefika kwanza, na alivutwa na nini?
3. Pori lipi lisifyekwe? Kwa nini?

Waulizeni wazee, mkaandike majibu katika madaftari. Kwaherini.