Stempu Zenye Picha za Mahekalu: Zihifadhiwe au Zichomwe?

SWALI: Ami yake mwanangu ni baharia, amemletea stempu za zamani za Indonesia zenye picha ya hekalu la Borobudur. Babu yake anasema hayo ni masanamu, yachomwe. Mtoto analia. Tufanyeje?

JIBU: Borobudur ni jengo la mawe la Mabudha huko Java, lililojengwa karibu na mwaka 800, kabla Uislamu haujaenea kisiwani humo. Leo Indonesia ni miongoni mwa nchi zenye Waislamu wengi zaidi duniani, na ndiyo iliyochapisha stempu hizo.

Stempu ni risiti ya ada ya posta. Anayeibandika analipia barua yake ifike, hakiabudu kilichochorwa. Waislamu wa mwanzo waliuza na kununua kwa dirham za Kifursi zenye sura ya mfalme na madhabahu ya moto, mpaka Khalifa Abdul-Malik bin Marwan alipotoa dinari za maandishi matupu mwaka 77 Hijria.

Liko moja la kuangaliwa. Stempu za Borobudur za 1968 ziliuzwa kwa nyongeza juu ya bei ya posta, fedha za kuliokoa jengo lililokuwa likiharibika. Kuchangia nyumba ya ibada ya wasiokuwa Waislamu, wanazuoni wengi wamekukataza. Lakini hata zikiwa ni hizo, nyongeza ililipwa zamani na aliyezinunua posta. Mtoto wenu amepewa zawadi, hakuchangia kitu.

Ama picha, jengo si kiumbe chenye roho, hivyo khitilafu ya wanazuoni kuhusu picha haiingii hapo. Stempu yenye sanamu ya Budha mwenyewe ndiyo yenye maneno (ingawa sisi wa visiwani tumebandika sura za masultani kwenye barua miaka mingi tu). Anayetaka kujitoa kwenye shaka aiweke kando hiyo, asichome albamu nzima. Kisichokuwa na khitilafu ni kuitukuza picha: kuitundika kwa kutaka baraka, au kuivaa kama hirizi.

Babu azungumzwe naye kwa adabu, faragha, si mbele ya mjukuu, kwani anachokihofia ni shirki, na hofu hiyo ni haki yake. Naye mtoto aelezwe waliojenga pale walikuwa nani, waliabudu nini, na kwa nini sisi hatuabudu hivyo.

Wallaahu a'lam.