Kamera haifungi mlango

Ramadhani iliyopita, tukiwa msikitini kwa tarawehe, mwizi aliingia kwangu. Kamera nilikuwa nayo, lakini stima zilipotea, nayo haikuwa na betri. Na hata ingefanya kazi, ingenipa sura yake tu, isingemzuia.

Ndugu msomaji, pesa zako zianzie mlangoni. Kufuli linaloning'inia nje humwambia mwizi kuwa hakuna mtu. Afadhali kitasa cha ndani, na fremu iliyoshikwa kwa skrubu ndefu zinazofika ukutani. Mwizi hapendi kuchelewa. Kisha weka taa ya nje inayowaka mtu akipita. King'ora na kamera vifuate, vikiwa na betri ya akiba.

Na ukitoka, muage jirani. Jicho lake halihitaji stima.