Rangi Nzuri Isitugharimu Mapafu

Wahenga walinena kuwa nyumba njema si mlango. Msemo huo unaiafiki mno alumini, metali ambayo siku hizi imetamalaki katika madirisha na milango ya majumba yetu. Mtazamaji huisifu rangi. Ni wachache mno wanaouliza kilichotangulia rangi hiyo.

Alumini haipatani na rangi kwa wepesi. Mara tu inapokutana na hewa, hujivika utando mwembamba wa oksidi. Utando huo huikinga isiliwe, lakini rangi haiushiki barabara. Ikipakwa hivi hivi, haikawii kubambuka, hasa penye unyevu na chumvi kama vile pwani.

Kwa miaka mingi, viwanda viliichovya alumini katika mchanganyiko wa kromiamu yenye valensi sita. Tusiwe wepesi wa kuwalaumu wahandisi, kwani dawa hiyo iliishikisha rangi imara, na hata palipokwaruzwa iliendelea kupakinga. Ila ni sumu. Mwaka 1990, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliitia katika orodha ya vitu visababishavyo saratani kwa binadamu, hususan ya mapafu. Wa kwanza kudhurika ni kibarua anayevuta mvuke wake; maji machafu yakimwagwa ovyo, anayefuata ni mwenye kisima. Tangu Septemba 21, 2017, viwanda vya Umoja wa Ulaya haviruhusiwi kutumia trioksidi ya kromiamu pasipo kibali maalumu.

Njia mbadala zipo. Alumini husafishwa grisi, ikasuuzwa, kisha ikavikwa utando mwembamba wa zirkoniamu au titaniamu. Dawa ya zirkoniamu haihitaji moto mwingi, na tope linalobaki ni haba. Ipo pia kromiamu yenye valensi tatu, ambayo sumu yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya nduguye.

Kweli, njia hizi hazimsamehe fundi mzembe: uchafu kidogo tu ukisalia, kazi yote huharibika. Lakini je, ni nani aliyewahi kuyatia mapafu ya kibarua katika hesabu ya bei?

Mwalimu wa kemia anapofundisha valensi, tarakimu tatu na sita zisiishie ubaoni. Awaeleze wanafunzi kwamba baina yake pana uhai wa mtu. Nasi wanunuzi tumwulize muuzaji: chini ya rangi hii, mmetia nini?