Kumbukumbu Zenu Zinalala Wapi? Panga Seva ya Nyumbani na Mwenzi Wako

Jaribu hili usiku wa leo mkiwa mmekaa sebuleni. Muulize mwenzi wako: video ya harusi yetu iko wapi? Siulizii ile DVD yenye picha yenu mkikata keki, iliyojaa mikwaruzo na ambayo mara ya mwisho ilionekana chini ya kiti cha gari. Naulizia video yenyewe. Na picha za siku mtoto alipozaliwa je? Na ule ujumbe wa sauti wa bibi akiwaombea heri? Kama jibu ni "zipo kwenye laptopu ya zamani" au "si kwenye ile flashi nyekundu?", karibu kwenye chama. Mimi ni mwanachama mwanzilishi.

Kwenye sendofu yangu baba alisimama akashika kipaza sauti, akanipa wosia wa dakika kumi na moja. Aliongea, akatania, akalia kidogo, akajifanya anakohoa. Miaka mitatu baadaye akafariki. Tulipokutana kwa ajili ya arobaini, dada akasema tuitazame ile video. Nilikuwa nayo mahali pamoja tu, kwenye diski ya nje niliyoitupia kwenye droo ya meza ya TV. Nilipoichomeka ikalia tik, tik, tik, basi. Fundi wa kwanza akatikisa kichwa. Wa pili akanieleza taratibu, kama daktari: "Dada, kichwa cha kusomea kimekwaruza sahani. Hapa hata ukipeleka nje, hela itakwenda na data inaweza isirudi." Mpiga video naye alishafuta zamani. Ni haki yake. Kazi ya miaka mitatu iliyolipwa na kukabidhiwa nani aitunze?

Hapo ndipo mimi na mume wangu tulipoanza kuongelea seva ya nyumbani. Na hapo hapo tukaanza kugombana.

Mwenzako anataka nini?

Neno lenyewe lisikutishe. Seva ni kompyuta ndogo isiyolala, inakaa pembeni ikiwa imeunganishwa na ruta, na kazi yake ni kutunza mafaili na kuwapa wenye nyumba wanapoyataka: kwenye simu, kwenye laptopu, kwenye TV. Unaweza kununua kisanduku kilichokamilika cha kampuni kama Synology au QNAP, kile wanachokiita NAS, ukatumbukiza diski mbili na kufuata maelekezo. Au ukachukua kompyuta ndogo ya mezani iliyotumika, ukaweka programu ya bure kama OpenMediaVault. Njia ya kwanza ni ghali lakini ina raha yake. Ya pili inataka mtu mwenye subira na Jumamosi kadhaa za bure.

Baba watoto alirudi jioni moja na hesabu yake tayari. Alitaka terabaiti 12. Za nini? Filamu, tamthilia zote alizowahi kuzipenda, na mechi. Nikamuuliza, na picha za watoto umezipangia wapi? Akasema, "Hizo zitaingia tu."

Kumbe alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Tulichukua karatasi tukaigawa katikati. Upande mmoja tukaandika vitu ambavyo vikipotea tutalia. Upande wa pili, vitu ambavyo vikipotea tutasonya, kisha tutanunua tena au tutasahau. Halafu tukapiga hesabu. Picha ya simu mara nyingi ni kama megabaiti 4, hivyo picha 30,000 ni gigabaiti 120 tu. Video za simu, ukikadiria megabaiti 100 kwa dakika, saa 50 ni gigabaiti 300. Video ya harusi iliyojaza DVD mbili haifiki hata gigabaiti 10. Maisha yetu yote ya kulia hayakufika nusu ya terabaiti! Lakini diski moja tu ya Blu-ray ya tabaka mbili inabeba hadi gigabaiti 50. Filamu 100 za ubora huo, tayari ni terabaiti 5.

Karatasi hiyo ilimaliza nusu ya ugomvi. Vya kulia ni vidogo, kwa hiyo kuvitunza mara tatu si gharama ya kutisha. Vikubwa ni vile vinavyopatikana tena, navyo vikae nakala moja, vikifa vimekufa. Watu wengi hufanya kinyume: wanatumia hela yote kununua nafasi ya filamu, halafu picha za mtoto zinabaki na nakala moja ile ile.

Tulikubaliana diski mbili za terabaiti 4 kila moja. Usishtuke utakapoziwasha na kompyuta ikakuambia 3.6. Hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu elfu, Windows inahesabu kwa 1,024.

Diski mbili si nakala mbili

Hapa naomba utulie, maana wengi ndipo wanapoangukia. Ukiweka diski mbili kwenye kisanduku, unaweza kuziamuru ziwe kioo: kila kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa na kwenye nyingine papo hapo. Mtindo huu ni mmoja wa ile inayoitwa RAID, jina lililotokana na andiko la mwaka 1988 la watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley: Patterson, Gibson na Katz. Ni kitu kizuri. Diski moja ikifa, mnaendelea kutazama filamu huku mkitafuta nyingine.

Lakini kioo kinaiga kila kitu. Ukifuta folda ya picha kwa bahati mbaya, inafutika kote kuwili kwa sekunde ile ile. Mtoto akimwaga juisi, diski zote zimelowa. Mwizi naye habebi diski moja akakuachia ya pili, anabeba kisanduku. Kwa hiyo hesabuni kioo kama nakala moja tu.

Hata wakubwa yamewakuta. Mwaka 1998, pale Pixar nchini Marekani, mtu alitoa amri isiyo sahihi kwenye mashine na mafaili ya filamu ya Toy Story 2 yakaanza kufutika mbele ya macho yao. Walipokimbilia nakala za akiba wakakuta hazikuwa zikifanya kazi sawasawa, na hakuna aliyekuwa amejua. Aliyewaokoa ni Galyn Susman, mmoja wa viongozi wa ufundi wa filamu hiyo. Alikuwa amejifungua, anafanyia kazi nyumbani, na kompyuta yake ya nyumbani ilikuwa na nakala. Wakaifunga kwenye mablanketi kama mtoto mchanga, wakaipeleka ofisini kwa gari taratibu.

Nakala iliyowaokoa ilikuwa nyumba nyingine. Ndiyo maana mpiga picha Mmarekani Peter Krogh alipoitangaza kanuni ya tatu-mbili-moja, imedumu: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja isikae chini ya paa lenu.

Sisi tunafanya hivi. Nakala ya kwanza iko kwenye seva. Ya pili iko kwenye diski ya nje ya terabaiti 1, ambayo tunaichomeka Jumapili jioni, inanakili folda ya vya kulia, tunaichomoa. Kuchomoa ni muhimu, virusi haviwezi kufika kwenye diski iliyolala kabatini. Ya tatu ni diski pacha wake, nayo inakaa kwa dada yangu Tabata. Kila mwisho wa mwezi tunakutana kwenye mchezo wetu wa kupeana pesa, nampa yenye mapya, ananirudishia ya zamani. Wale mashoga zetu wengine walidhani tunapeana filamu za siri.

Na je, wingu? Wingu ni zuri kama nakala ya ziada, mkiweza kulilipia. Kumbuka tu kuwa Google Photos iliacha kutoa nafasi ya bure isiyo na kikomo tarehe 1 Juni 2021, na zile gigabaiti 15 za bure unazigawana na barua pepe zako. Kupandisha gigabaiti 400 kwa bando la simu nako, si mchezo.

Umeme, joto na chumvi

Vitabu vya wenzetu huongelea seva kana kwamba umeme ni kama hewa. Sisi tunajua. Umeme ukikatika diski ikiwa inaandika, faili linaweza kuharibika, na ukirudi kwa kishindo ndiyo balaa zaidi. Kwa hiyo UPS iwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, na iwe ile yenye waya wa USB wa kuunganisha na seva. Huo waya ndio unaoiambia seva "umeme umekwenda, betri inaisha, jizime kistaarabu". Bila huo waya, UPS inachelewesha ajali kwa dakika kumi tu. Iunganisheni ruta hapo hapo pia.

Matumizi yake si ya kutisha. Kisanduku chenye diski mbili kikila wati 20 saa zote 24, kwa siku 30 ni unit 14.4 za LUKU. Lakini ile kompyuta kubwa ya mezani uliyopewa bure na mjomba, ikila wati 80, ni unit 57.6. Kwa nyumba inayojitahidi isivuke unit 75 kwa mwezi, hiyo "bure" itawauma.

Mahali pa kuiweka nako ni mjadala. Mume wangu alitaka ndani ya kabati la TV ili isionekane. Kabati lililofungwa, Dar, mwezi wa pili! Tuliiweka juu ya rafu kwenye korido, pana hewa, mbali na dirisha la upande wa bahari na juu ya pale maji yanapoweza kufika mvua za masika zikizidi. Kila mwezi naipangusa vumbi kwenye matundu ya feni.

Kwa upande wa burudani, Jellyfin ni programu ya bure iliyopo tangu mwaka 2018, na inaifanya TV yenu ionyeshe filamu zenu zikiwa na mabango yake kama sinema. Immich nayo inapokea picha za simu zenu zenyewe mkifika nyumbani. Yote haya yanapita kwenye waifai ya ndani, hayali bando. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikayumba Afrika Mashariki, sisi tulikaa tunatazama video ya mtoto akijifunza kutembea.

Jambo moja la kukataza: msiifungulie seva mlango kwenye intaneti ili tu muone picha mkiwa kazini. Mwaka 2022 virusi wa kudai fidia, DeadBolt, walifunga mafaili ya maelfu ya watu wenye vifaa vya QNAP vilivyokuwa vinafikika kutoka nje.

Paswedi ni ya nani?

Mume wangu ndiye aliyefunga kila kitu, na paswedi ilikuwa kichwani mwake. Akasafiri kikazi Mwanza wiki mbili. Seva ikazimika, nami nimesimama koridoni na tochi ya simu, sijui nianzie wapi. Nilimpigia, hapatikani. Usiku ule nilijiuliza swali ambalo wanandoa hatupendi: je, angekuwa hapatikani moja kwa moja?

Sasa paswedi zimeandikwa kwenye karatasi, ndani ya bahasha, pamoja na cheti cha ndoa. Kwenye karatasi hiyo kuna na hatua za kuwasha, kuzima na kurudisha faili, kwa Kiswahili cha kawaida. Kila mmoja ana akaunti yake na folda yake ambayo mwingine hafungui bila kuombwa, maana ndoa si upekuzi. Diski ya Tabata imefungwa kwa paswedi pia. Dada nampenda, ila kuna picha zetu zisizomhusu. Na kila baada ya miezi mitatu mimi, siyo yeye, nachagua faili moja kwenye diski ya nje nalirudisha, nione kama kweli linafunguka. Mara ya kwanza halikufunguka. Folda ilikuwa imenakiliwa majina tu, ndani hamna kitu.

Tulipokuwa tunakusanya vitu vya kuweka humo, tulivua kadi za kumbukumbu kwenye simu zote mbovu za ukoo. Kwenye simu ya zamani ya dada kulikuwa na video ya sekunde 40, imetikisika, giza, ya siku ile ile ya sendofu. Baba hajaanza wosia. Anamlalamikia kijana wa muziki kwamba kipaza sauti kinanuka betri. Watu wanacheka.

Ina megabaiti 9. Ipo sehemu tatu.

Mume wangu bado anadai nafasi ya mechi zake. Tumempa terabaiti 1, na ameshaijaza.