Chagua Tairi la Pikapu kwa Kuangalia Njia na Mzigo

Ndugu mkulima, pikapu siku hizi ni mkono wa kuume wa shamba. Asubuhi hubeba maziwa, mchana hubeba mbolea, na siku ya soko hubeba magunia ya viazi. Lakini gari hilo lote, pamoja na mzigo na watu waliomo, linashika ardhi kwa matairi manne tu, na pale kila tairi linapogusa chini ni mahali padogo ambapo kiganja kimoja au viwili vyaweza kupafunika. Tairi likishindwa matopeni, maziwa huchacha. Likipasuka mteremkoni, watu hupoteza maisha. Kwa hiyo ununuzi wa matairi ni jambo la kufikiriwa vizuri kabla ya kutoa fedha.

Wengi huenda dukani wakiuliza neno moja tu: "Lipi ni rahisi?" Yafaa kujiuliza maneno matatu. Njia yangu ni ya namna gani? Mzigo wangu ni kilo ngapi? Na tairi hili litanigharimu kiasi gani kwa kila kilomita?

AINA TATU ZA MATAIRI

Ubavuni mwa matairi mengi ya pikapu utaona herufi mbili. H/T ni tairi la lami. Meno yake ni madogo na yamekaribiana. Huenda kimya, halili petroli nyingi, lakini kwenye tope huteleza upesi. M/T ni tairi la tope. Meno yake ni makubwa yenye nafasi pana katikati. Hushika vizuri matopeni, lakini juu ya lami huvuma, huisha upesi, na halishiki vizuri lami iliyolowa. A/T ni la katikati, yaani tairi la njia zote: lami, changarawe, mawe na tope la kiasi.

Mkulima wa Kinangop anayeteremka na viazi kwenda Naivasha hupita njia mbovu za shambani, kisha changarawe, kisha lami. Mtu huyo A/T humfaa. Anayekaa kando ya lami, ambaye huingia shambani wakati wa kiangazi tu, aweza kutosheka na H/T na kuokoa fedha yake. M/T ni la yule ambaye siku zake nyingi hupita ndani ya tope zito. Usilinunue kwa sababu linapendeza macho.

Tena, tusidanganyane. Udongo mweusi kama ule wa Mwea au wa nyanda za Athi hujaza nafasi za meno hata tairi likawa laini kama yai. A/T halitakuvusha huko baada ya mvua kubwa. Ni heri kungoja njia ikauke, au kuacha gari mahali pagumu na kubeba mzigo kwa punda au trekta. Vilevile alama ya M+S, ambayo maana yake ni tope na theluji, huwekwa na mtengenezaji kwa kufuata umbo la meno. Haimaanishi kwamba tairi limejaribiwa matopeni likafaulu.

SOMA MAANDISHI YA UBAVUNI

Tuseme tairi limeandikwa 205R16C 110/108R. Namba 205 ni upana wake kwa milimeta. R ya kwanza yaonyesha jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa. Namba 16 ni ukubwa wa rimu kwa inchi. C ni alama ya tairi la magari ya mizigo. Namba 110 ni ya uzito: tairi hilo laweza kubeba kilo 1,060 likiwa peke yake upande mmoja. Namba 108, kilo 1,000, ni ya magari yenye matairi mawili mawili kila upande. R ya mwisho ni ya mwendo: lisizidi kilomita 170 kwa saa.

Namba ya uzito ndiyo wengi hawaiangalii, nayo ndiyo huokoa maisha. Tufanye hesabu. Sehemu ya nyuma ya pikapu tupu tuseme ina uzito wa kilo 700, nawe umepakia kilo 1,000 nyuma. Jumla ni kilo 1,700. Tairi la gari dogo lenye namba 100 hubeba kilo 800, kwa hiyo mawili hubeba 1,600. Tayari umezidisha kilo 100, hata kabla gari halijaingia shimoni. Yale mawili ya namba 110 yangebeba kilo 2,120. Matairi haya mawili huweza kufanana sana kwa macho, na lile dhaifu huwa na bei ya chini. Usikubali namba iliyo chini ya ile iliyoagizwa na watengenezaji wa gari.

Ukubwa nao usiubadili. Tairi kubwa kuliko kipimo huweza kusugua bodi, huongeza petroli, na saa ya mwendo huonyesha pungufu ya mwendo wa kweli. Kwa gari linalovutwa na magurudumu manne, matairi yote manne yawe ya kipimo kimoja na yaliyochakaa sawasawa, ama sivyo giaboksi huumia.

BEI RAHISI HUHESABIWA KWA KILOMITA

Bei zifuatazo ni za mfano tu. Tairi la kwanza ni shilingi 14,000 nalo ladumu kilomita 35,000. Gharama yake ni senti 40 kwa kilomita. La pili ni shilingi 18,000 nalo ladumu kilomita 60,000. Gharama yake ni senti 30. Kwa matairi manne, katika safari za kilomita 60,000, lile la bei ya chini limekula shilingi 24,000 zaidi. Basi, kabla ya kununua, waulize majirani wanaopita njia kama yako matairi yao yamekwenda kilomita ngapi. Huna haja ya kununua jina kubwa kuliko yote. Tafuta lile la bei ya wastani lenye namba sahihi ya uzito na sifa njema kwa wanaolitumia.

ANGALIA UMRI WAKE

Kiwanda cha Sameer Africa kilichokuwa Nairobi kiliacha kutengeneza matairi mwaka 2016. Matairi mengi yanayouzwa leo hutoka ng'ambo, na mengine hukaa ghalani muda mrefu. Tafuta herufi DOT ubavuni. Mwisho wa mstari huo pana tarakimu nne. Zikiwa 2324, tairi lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2024. Mpira hukauka na kupasuka hata bila kutumiwa. Likifika miaka mitano likaguliwe na fundi kila mwaka. Likifika miaka kumi liondolewe garini, hata kama meno bado ni marefu, na hata kama ni lile la akiba.

Kwa wanaonunua matairi yaliyotumika, tarakimu hizo ni muhimu zaidi. Pitisha mkono ndani na nje. Ukiona uvimbe, nyufa za ubavuni au kiraka cha ubavuni, liache. Tazama pia vile vijukwaa vidogo vilivyo ndani ya mifereji ya meno, vyenye kimo cha milimeta 1.6. Meno yakilingana navyo, tairi limekwisha kazi.

UTUNZAJI

Pima upepo mara moja kwa juma, asubuhi kabla gari halijatembea. Kipimo kimeandikwa kwenye kibati karibu na mlango wa dereva, cha gari tupu na cha gari lenye mzigo. Upepo ukipungua, tairi hujikunja, hupata moto, kisha hupasuka. Ukipunguza kidogo ili kupita matopeni, endesha polepole na ujaze tena kabla ya kufika lami. Kila kilomita 10,000 badilisha nafasi za matairi, ya mbele na ya nyuma, yapate kuchakaa sawasawa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kabla ya kwenda dukani, andika kwenye karatasi mambo manne: kipimo cha tairi, namba ya uzito, njia unayopita siku nyingi, na uzito wa mzigo wako. Mpe muuzaji karatasi hiyo, kisha soma mwenyewe ubavu wa kila tairi analokuletea.