Laki Tatu Inanunua Baiskeli Gani?

Kila mwaka unapoanza, vijana waliopata ajira karibuni huandika malengo yao: kiwanja, kurudi chuo, akiba, mwili wenye afya. Hilo la mwisho ndilo hufa mapema, tena hufa likiwa limeshakula pesa: ada ya gym iliyolipwa miezi mitatu mbele, raba mpya, begi la mazoezi. Baiskeli ina nafasi nzuri zaidi ya kudumu, kwa sababu humtoa mtu nyumbani, ikamwonyesha mji wake na kumrudisha amefurahi. Sharti ni moja: lengo litangulie, baiskeli ifuate. Anayeanza na baiskeli huchagua inayong'aa kuliko zote dukani, na kwa kiwango cha pesa alichonacho mfanyakazi mpya, hiyo ndiyo huwa ya kwanza kuharibika.

Tuanze na mfuko. Mchukue kijana wa Dar es Salaam aliyeajiriwa kwenye kampuni binafsi kwa mshahara wa msingi wa Sh700,000. NSSF inakata asilimia 10, yaani Sh70,000. Kama alisoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, anakatwa asilimia 15 nyingine, Sh105,000. Kodi ya mapato, ikikokotolewa baada ya kuondoa mchango wa NSSF, ni Sh42,000. Anabakiwa na Sh483,000, na hapo hajalipa chumba, hajala, hajapanda daladala, hajatuma kitu nyumbani. Kutenga Sh50,000 kwa mwezi katika hali hiyo ni kujinyima, lakini kunawezekana, na baada ya miezi sita ni laki tatu. Laki tatu hiyo ni ya kila kitu: baiskeli, kofia, taa, pampu, kufuli na kazi ya fundi. Aliye kwenye mchezo wa ofisini anaweza kuipata mapema zamu yake ikifika. Mikopo ya simu siishauri kabisa kwa jambo hili. Muda wake wa kulipa ni mfupi, ada zake ni kubwa, na mtu anayedaiwa kwa sababu ya baiskeli huanza kuichukia baiskeli yenyewe.

Miezi hiyo sita ina kazi nyingine pia, nayo ni kujipima. Azima baiskeli ya jirani au ya binamu, uiendeshe asubuhi kadhaa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mizunguko mitatu ya dakika 50 inatosha kufika hapo, na hilo ndilo lengo ninalompa kila anayeniuliza: mara tatu kwa wiki, dakika 50, umbali wowote. Kuandika "nitaendesha hadi Bagamoyo" ni kuandika matokeo. Ni zaidi ya kilomita 60 kutoka mjini, na mwili uliozoea dakika 50 utafika huko wakati wake. Mvua za masika nazo ziingie kwenye hesabu. Kati ya Machi na Mei wiki nyingine zitapotea, kwa hiyo lengo la mwaka mzima lisimlaumu mtu kwa sababu ya mvua.

Lengo likishakaa vizuri, ndilo linalochagua baiskeli. Anayeishi Sinza na kutaka kupanda vilima vya Chuo Kikuu Mlimani anahitaji gia. Wa Kigamboni anayependa barabara tambarare za kuelekea Mjimwema anaweza kufurahia baiskeli nzito isiyo na gia hata moja. Anayelenga vilima vya Pugu na Kisarawe anahitaji gia nyepesi na matairi mapana.

Sasa tuje sokoni. Bei za Kariakoo na Ilala hubadilika kwa msimu na kwa mdomo wa mnunuzi, kwa hiyo tarakimu zangu ni makadirio ya kukuongoza, ukakague mwenyewe.

Phoenix mpya na ndugu zake wa India, zile ndefu nyeusi zenye breki za vijiti vya chuma, hupatikana kati ya Sh250,000 na Sh350,000. Nina heshima kubwa nazo. Zimebeba mkaa, samaki, maziwa na wagonjwa nchi nzima, na hakuna kijiji ambacho fundi wake hawezi kuzitengeneza. Lakini zimeundwa kwa ajili ya mzigo. Kwa matembezi ya kijana mwenye kilo 65 ambaye hana gunia nyuma, uzito wote ule ni jasho asilolihitaji, na kwenye mlima atashuka asukume.

Baiskeli mpya za mtindo wa milimani, zenye springi mbele na nyuma, breki za diski na stika ya gia 21, huanzia kama Sh300,000 na kupanda. Hizi ndizo zinazovuta macho ya wengi, na hizi ndizo ninazowaomba vijana waziache. Springi nzuri ni kitu cha gharama. Inayowekwa kwenye baiskeli ya bei hiyo ni waya mzito uliosokotwa, unaoongeza kilo na kunyonya nguvu za miguu kila unapokanyaga pedali. Viungo vya springi ya nyuma vikianza kulegea, fremu nzima inacheza, na hakuna spea ya kuvirudisha. Pedali ni za plastiki, ekseli ya nyuma hupinda, na diski zisizo nyoofu hukwaruza njia nzima. Wingi wa gia nao haumaanishi kitu kama kinachozihamisha ni bati laini. Ukilazimika kununua mpya, chagua isiyo na springi yoyote. Ni nyepesi zaidi, na pesa ya kiwandani imekwenda kwenye vitu vingine.

Mtumba ndio unaostahili muda wako, na humo kuna koo mbili.

Ukoo wa kwanza ni baiskeli za mjini kutoka Japani, zile zenye kikapu mbele, madigadi, keria, stendi ya miguu miwili na kufuli dogo la duara kwenye tairi la nyuma. Nyingi hufika zikiwa bado na stika ya usajili ya polisi wa huko. Bei yake huwa kati ya Sh150,000 na Sh250,000. Unakaa wima, mgongo hauumi, nguo hainaswi na cheni kwa sababu imefunikwa, na bomba la katikati limeinama kiasi kwamba aliyevaa gauni au dera anapanda bila taabu. Zenye gia tatu huwa zimefichwa ndani ya habu, mbali na mchanga na maji, na hudumu sana. Uzito wake, kilo 18 hadi 20 hivi, unaonekana mlimani, lakini kwa njia za tambarare ni baiskeli ya raha.

Tatizo lake ni matairi, na hapa wengi hupoteza pesa. Tairi linaloandikwa "26" kwenye baiskeli ya Japani si sawa na "26" ya baiskeli ya milimani. La kwanza linakaa kwenye rimu yenye kipenyo cha milimita 590, la pili milimita 559. Vivyo hivyo "27" ya Kijapani ni milimita 630, wakati "28" ya Phoenix ni 635, na "28" ya baiskeli nyingi za Ulaya ni 622. Tofauti ya milimita tano inatosha kumfanya fundi atumie saa nzima na bisibisi mbili halafu ashindwe. Ubavuni mwa tairi pameandikwa tarakimu mbili zenye kistari katikati, kama 37-590 au 50-559. Ya kwanza ni upana wa tairi, ya pili ni kipenyo cha rimu. Kabla ya kulipia baiskeli yoyote, soma hiyo ya pili, kisha tembea maduka mawili matatu ya spea uulize kama wanalo. Wakisema halipo, punguza bei au achana nayo.

Ukoo wa pili ni baiskeli za milimani zilizotumika Ulaya, hasa zile za zamani zenye fremu ya chuma au aluminiamu na uma mgumu mbele, bila springi. Hupatikana kati ya Sh180,000 na Sh300,000 kulingana na hali. Rimu zake ni 559, kipenyo kilekile cha baiskeli nyingi mpya kutoka China, kwa hiyo tairi na tyubu vipo karibu kila duka la spea. Gia zake za nyuma, mara nyingi saba, bado zinatengenezwa hadi leo. Tairi lake pana linavuka mchanga wa Mbagala na mashimo ya mitaani bila kukutisha. Valvu yake kwa kawaida ni kama ya pikipiki, na vijana wa bodaboda wanaweza kukujazia upepo popote. Rangi itakuwa imechubuka. Usijali, rangi haiendeshi.

Baiskeli za mbio sitazikalia muda mrefu. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika, na vijana wengi wa ukanda wetu waliingiwa na hamu ya zile zenye usukani uliojikunja. Ni hamu nzuri. Hata hivyo, iliyo salama huuzwa kwa mara kadhaa ya bajeti yetu, na matairi yake membamba hayapatani na barabara zilizochimbika. Ile ya laki tatu ina kasoro iliyofichwa.

Nenda sokoni na fundi wako mwenyewe, umlipe asubuhi yake. Fundi wa muuzaji ni wa muuzaji. Muombe aangalie maungio ya fremu chini ya usukani, mahali nyufa huanzia. Azungushe magurudumu aone kama rimu inayumba, na atikise mikono ya pedali asikie kama gololi zimekwisha. Kiti kipande na kushuka, kwa maana bomba lililoganda kwa kutu huenda lisitoke kamwe. Cheni ipimwe kwa rula: vipande 24, kutoka pini hadi pini, viwe na inchi 12. Ikizidi kwa zaidi ya moja ya kumi na sita ya inchi, cheni imechoka. Ikizidi kwa moja ya nane, meno ya nyuma nayo huenda yameliwa, na hayo yote yaingie kwenye maelewano ya bei. Mwisho kaa juu yake: kisigino kikiwa kwenye pedali ya chini, mguu unyooke. Baiskeli isiyokutosha haifai hata kwa bei ya bure.

Tulinganishe mwaka mmoja. Tuseme umenunua mtumba wa Ulaya kwa Sh190,000, ukatumia Sh110,000 kwa kofia ngumu, taa za mbele na nyuma, pampu, kufuli, tyubu ya akiba na marekebisho ya mwanzo. Fundi na viraka viwe Sh8,000 kwa mwezi, na mwisho wa mwaka uiuze Sh130,000. Gharama halisi ni Sh266,000. Inayong'aa ya Sh350,000, yenye vifaa vilevile, matengenezo ya Sh15,000 kwa mwezi na bei ya kuuzia ya Sh100,000, inafika Sh540,000. Gym ya Sh60,000 kwa mwezi ni Sh720,000, bila nauli. Mtu akienda mara mbili kwa wiki kwa daladala ya Sh600, anaongeza zaidi ya Sh120,000.

Gym ina haki yake ya kutetewa: haina mvua, haina malori, na msichana anayeogopa kutoka saa kumi na moja alfajiri peke yake ana sababu za kweli. Kwake yeye ningependekeza kundi. Dar es Salaam kuna UWABA, umoja wa waendesha baiskeli, na yapo makundi ya mwisho wa wiki yanayopita Daraja la Tanzanite na ufukwe wa Coco kabla magari hayajaamka. Njia ya baiskeli kando ya mwendokasi wa Barabara ya Morogoro inasaidia, ingawa mara nyingi bodaboda na meza za biashara huwa zimeikalia. Hilo ni jambo la kuidai halmashauri kila tunapopata nafasi, maana njia hiyo ilijengwa kwa ajili yetu.

Kofia na taa usivikate kwenye bajeti kwa sababu yoyote. Pesa isipotosha, subiri mwezi mmoja zaidi.

Kwa laki tatu, basi, uamuzi wangu ni huu: mtumba wa Ulaya wenye uma mgumu na rimu ya 559 kwa mwenye vilima njiani, na ya Kijapani yenye gia tatu kwa wa tambarare au anayependa kukaa wima, ilimradi tairi lake umeliona dukani kwa macho yako. Ya springi mbili iache palepale ilipo, hata muuzaji akiishusha hadi laki mbili.