Kolesteroli ya Kurithi: Ugonjwa Upitao Katika Ukoo

Jamaa zetu wengi wa Mwambao wamejenga na kuoa Kitale na Bungoma. Afapo ghafla kwa moyo mtu wa miaka 40, na babake alikufa vivyo hivyo, husemwa kwamba ajali yake imefika. Ajali iko kwa Mwenyezi Mungu. Kutafuta dawa kuko kwetu. Katika baadhi ya nyumba sababu yajulikana, nayo ni kolesteroli ya kurithi.

Duniani humpata takriban mtu 1 katika kila 250 hadi 300, awe mnene au mwembamba. Ini hushindwa kuiondoa vyema kolesteroli mbaya katika damu, ikazidi tangu utotoni. Mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi. Wakiwa nayo wote wawili, jambo lililo jepesi zaidi watu wa ukoo mmoja wanapooana, mtoto aweza kuirithi pande zote mbili na kuugua moyo angali mdogo.

Madhara hayaletwi na mafuta peke yake. Kolesteroli ikipenya ukuta wa mshipa, chembe nyeupe za damu, askari wa kinga ya mwili, huingia kuila. Zikivimbiwa hushindwa kutoka, huita wenzao, na mshipa huvimba ndani kwa ndani. Pakipasuka hapo, damu huganda na kuziba njia ya moyo.

Dalili ni vinundu kwenye kano ya kisigino au migongo ya vidole, na duara la kijivu machoni kabla ya miaka 45. Wengi hawana dalili yoyote. Hujulikana kwa kupima damu tu. Kolesteroli mbaya ikifika milimoli 4.9 kwa lita kwa mtu mzima, au ikipita 4 kwa mtoto, daktari aulizwe. Jirani na miji hiyo, Eldoret, iko Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi.

Vidonge vya statini huteremsha kolesteroli na kutuliza uvimbe huo. Mja mzito, anyonyeshaye au atarajiaye mimba amwone daktari kwanza. Kupunguza mafuta na kuacha sigara husaidia, lakini chakula peke yake hakitoshi.

Basi mama, akipatikana mmoja nyumbani, usifiche kwa kuona haya. Wapelekee habari ndugu zake wote, wa Bara na wa Pwani, wapimwe wao na watoto wao.